Kuku wa Mtu Mmoja

Mtu mmoja alikuwa na watoto mia sita wa kulisha kila siku, na mmoja kati yao alikuwa wa kumzaa mwenyewe.

Jina lake lilikuwa Mbonea. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni katika mji mdogo ulio chini ya milima ya Upare, na alipika hapo kwa miaka thelathini na mmoja. Masufuria yake yalikuwa makubwa hata ilimbidi aingie nusu mwili ili ayasugue, na mwiko aliosongea ugali ulikuwa mrefu kuliko mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Asubuhi uji. Mchana ugali na maharage. Jioni ugali na maharage yaleyale. Jumamosi wali na nyama, kipande kimoja kwa kila sahani. Wanafunzi walipanga foleni kuanzia mlango wa bwalo hadi kwenye matangi ya maji, naye alisimama nyuma ya meza ndefu, upawa mkononi, akichota na kumimina, na neno lake lilikuwa moja tu. "Mwingine!" Sahani hii ikaondoka, ile ikaja. "Mwingine!"

Katika kazi ile aliogopa mambo mawili. La kwanza ni chakula kwisha ilhali foleni haijaisha. Lilimtokea mara moja, katika mwaka wake wa pili: upawa uligonga sufuria tupu, akainua macho, akaona watoto kumi na wanane wameshika sahani kavu. Hakuna aliyemgombeza sana, lakini hakusahau. Tangu siku hiyo alijaza kila alichopikia, akibakiza juu nafasi ya vidole vinne tu ili uji usimwagike ukichemka. Jambo la pili ni upendeleo. Mpishi aliyemtangulia aliachishwa kazi kwa kumpa mpwa wake vipande viwili vya nyama, na habari hiyo ilisimuliwa jikoni kila alipoajiriwa mtu mpya, kama watu wanavyosimuliana ajali iliyotokea kwenye kona wanayoipita kila siku.

Ndipo mke wake akafariki, na mwaka uliofuata binti yao wa pekee, Namkunda, akafaulu mtihani na kupangiwa shule hiyohiyo. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mbonea alikaa na jambo hilo wiki nzima, kisha akaliamua kama mtu mwaminifu anavyoamua: mtoto wake atakula kama watoto wa watu. Na kwa kuwa aliogopa sana kuonekana akimzidishia, alimpunguzia. Mkono wake ukiangukia kipande kikubwa cha nyama, alikirudisha na kutafuta kingine. Na ukoko, lile tabaka gumu la wali linaloshika ukingoni mwa sufuria, kavu kau, ambalo wanafunzi waligombania kuliko nyama yenyewe, aliwagawia waliochanja kuni, waliougua, waliofiwa, hata watukutu waliojua kumchekesha. Namkunda hakumpa hata siku moja. Kwa miaka minne binti alifika mbele ya meza ile, akanyoosha sahani, akasikia "Mwingine!", akapita.

Tusiharakishe kumhukumu. Watoto mia sita walikula sawa, na duniani ambako wengi wetu tukishika upawa huanza na wa kwetu, hilo si jambo dogo. Haki ilikuwa mkononi mwake, naye aliigawa yote. Hakujua tu kwamba mtoto hashibi haki peke yake.

Miaka ikapita. Namkunda akawa mpima ardhi, akapangiwa kazi mbali, huko Mpanda, akitembea porini na vyombo vyake na kuwawekea watu mipaka ya viwanja. Kila mwaka alikuja likizo. Alimletea baba yake shati au viatu, akanywa chai akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, akauliza habari za presha, akajibu habari za kazi. Ikifika saa kumi alisimama. "Baba, ngoja niwahi gari." Na gari lile lilimpeleka Same, kwa mama yake mdogo, akalale huko. Hakuwa na ugomvi na baba yake. Hakuna neno baya lililowahi kusemwa kati yao. Na hilo ndilo lililomwelemea mzee baada ya kustaafu, maana ugomvi una mahali pa kuushikia, nawe ukiushika unaweza kuuvuta hadi mezani. Yeye alikuwa na binti mwenye adabu ambaye kwa miaka kumi na mitano hakuwa amelala chini ya paa lake. Kila mwaka kabla hajafika alimtandikia shuka safi katika chumba chake cha zamani. Kila mwaka alilikunja bila kulifua, kwa kuwa halikulaliwa.

Basi mwaka mmoja daktari alimwambia Mbonea apunguze mafuta. Namkunda aliposikia, alimtumia boksi zito kwa basi. Ndani yake mlikuwa na chombo cheusi, kinene, chenye umbo la yai, kikiwa na kapu la kuchomoa kama droo. Kazi yake ni kuzungusha upepo wa moto hadi chakula kikauke kama kilichokaangwa, na watu wa mjini hukiita eafraya. Jirani wa Mbonea, Mama Eliwaza, fundi cherehani asiyepitwa na jambo, alisimama mlangoni na futi yake shingoni, akakizunguka chombo kile kwa macho.

"Mzee Mbonea, hilo ni jiko, au umefungua saluni?"

"Ni jiko. Linapika kwa upepo."

"Kwa upepo! Basi kuku wako atatoka amekaushwa nywele."

"Atatoka amependeza," mzee akajibu.

"Wewe uliyezoea masufuria ya kuogeshea tembo? Hako kakikombe utakaweza?" Akacheka hadi akaegemea mwimo wa mlango, kisha akaomba aonyeshwe kinavyowashwa, akaonyeshwa, akaondoka akiwa na jambo la kuwasimulia wateja wake.

Jumapili Mbonea alimpigia binti yake simu kumshukuru. Wakasema yaliyozoeleka kusemwa, wakafika mahali mazungumzo yao yanapoishia siku zote. Lakini chombo kile kilikuwa mezani mbele ya mzee, kidogo, hakifanani na chochote alichowahi kupikia, na kukitazama kulimfanya aulize swali ambalo hakuwahi kumwuliza mtu yeyote katika maisha yake yote ya upishi.

"Ukija, nikupikie nini?"

"Kuku," akasema Namkunda. "Kidari, kilichokatwa vipande virefu virefu. Kikavu nje, ukiking'ata kilie. Ndani laini." Kisha akaongeza upesi, kama mtu aliyejikuta amesema zaidi ya alivyokusudia, "Lakini usijisumbue, baba. Nitakuwa napita tu."

"Niandikie kinavyopikwa."

Akamwandikia. Mzee akayanakili maneno yale kwa herufi kubwa kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya meza. Kata kidari vipande virefu kama vidole. Loweka saa nzima kwenye mtindi wenye chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga. Viringisha kwenye unga wa ngano, chovya kwenye yai lililopigwa, malizia kwenye chenga za mkate mkavu. Paka mafuta kidogo sana. Washa chombo kipate moto kwanza. Panga kwenye kapu, acha nafasi. Dakika kumi na mbili, geuza katikati. Aliisoma kila asubuhi, ingawa kufikia siku ya tatu alikuwa ameshaikariri yote.

Jumamosi ya Namkunda kuja ikafika. Alikwenda buchani mapema akataka kilo mbili za kidari.

"Mzee una shughuli leo?" akauliza muuzaji.

"Nina mgeni."

"Wageni wangapi?"

"Mmoja. Lakini anatoka mbali."

Alirudi akaanza kazi. Mikono iliyokuwa ikigeuza ugali wa gunia zima sasa ilishika vipande vile vidogo kimoja kimoja. Alivikata vyote viwe sawa, kwa mazoea. Alitwanga kitunguu saumu, akaloweka, akasubiri saa nzima akiwa amekaa mbele ya bakuli kama anayelinda kitu kisiibwe. Mkate aliuanika tangu juzi, akausugua kwa viganja hadi ukawa chenga. Akaviringisha kwenye unga, akachovya kwenye yai, akaviringisha tena, kimoja baada ya kingine, na uso wake ulikuwa na unga hadi kwenye nyusi. Akawasha chombo kikapata moto. Alipofika penye maneno "acha nafasi", akatabasamu, kwa kuwa hilo alilijua kuliko aliyeliandika. Akapanga vipande safu juu ya safu, akavibana ubavu kwa ubavu, akavishindilia kidogo kwa kiganja, kapu likajaa. Kisha akaweka vidole vinne kati ya kuku na ukingo wa juu, akahakikisha. Nafasi ilikuwepo. Vilivyobaki bila kupata mahali, akavifunika kwenye sahani. Akasukuma kapu ndani.

Chombo kilikuwa bado kinavuma Namkunda alipobisha hodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pita. Umechoka? Hebu leta hilo begi."

"Liache tu hapo mlangoni, baba, nitalichukua nikitoka." Akamtazama. "Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Ni unga," mzee akasema, akajipangusa kwa mkono wenye unga zaidi.

Namkunda akakaa ukingoni mwa kiti. Chombo kikalia kengele yake ndogo, na mzee akalivuta kapu mbele ya binti yake, kwa haraka ya mtu aliyesubiri miaka mingi.

Mvuke ulimpiga usoni. Ulipotawanyika, akaona. Kuku alikuwa amelowa. Vipande vilishikana vikawa donge moja jeupe, chenga za mkate zimegeuka uji, na maji ya nyama yamesimama chini ya kapu. Akadhani muda haujatosha, akalirudisha. Dakika kumi na mbili nyingine. Safari hii vya juu viliungua vikawa vyeusi mgongoni, na vya chini vikabaki vilevile, vimelowa, vimekumbatiana. Akachukua uma akajaribu kutenganisha kimoja kiwe cha binti. Ngozi yake ya chenga ikabaki kwa jirani yake, nacho kikatoka uchi.

Mbonea alisimama ameupa mlango mgongo. Alikuwa amewashibisha watoto wa wakulima na wa wakuu wa wilaya, wengine leo ni madaktari, na sasa alikuwa ameshindwa kumpikia mtu mmoja. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Aliona jinsi itakavyokuwa: atatoa chai, binti atasema imetosha, gari litakuja. Na mwaka kesho atamwuliza nini, ikiwa alipouliza na kujibiwa, hiki ndicho kilichotoka?

Akasikia kiti kikisogea. Namkunda alikuwa amekuja kusimama kando yake, akitazama ndani ya kapu.

"Baba. Niliandika uache nafasi."

"Niliacha."

"Uliacha wapi?"

"Hapa." Akaonyesha, vidole vinne kwenye ukingo. "Juu. Kisifurike."

Namkunda aliviangalia vidole vile, vinene, vyenye makovu ya moto, vimesimama kwa uaminifu juu ya kapu la kuku aliyeharibika. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Hakikuwa cha dharau. Kilikuwa kicheko cha mtu anayemtambua aliyemfahamu zamani.

"Hiki si uji, baba. Hakifuriki. Nafasi si ya juu, ni ya kati. Kati ya kimoja na kingine. Upepo ndio unaopika, sasa wewe umeuzibia njia. Kila kimoja kinataka kizungukwe chote."

"Vikikaa hivyo vitaingia vingapi?"

"Sita. Labda saba."

"Sita!" Ule woga wa zamani ukamshika, akaona sahani kavu zimenyooshwa. "Sita vitamtosha nani?"

"Na hivi vyote ulipika vya nani?"

"Vyako."

Namkunda akatazama lile donge. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, haina lawama, kama mtu anayesoma kipimo jinsi kilivyo.

"Mimi ni mmoja, baba."

Maneno machache tu, na mtoto yeyote angeweza kuyasema. Lakini mzee aliyapokea kama mtu anayeambiwa jambo ambalo jirani zake wote walilijua. Aliweka uma mezani. Akavuta kigoda akakaa, mikono juu ya magoti, akatazama sakafu.

"Nilikuwa natazama viatu," akasema.

"Viatu gani?"

"Vyako. Foleni ikisogea, nilikuwa naona viatu chini ya meza. Vyako vilikuwa na kamba ya kijani upande mmoja, kwa sababu ile nyeusi ilikatika. Nikiona kamba ya kijani imebakisha watu watatu, nainamisha kichwa. Natazama sahani, sitazami sura. Maana ningekutazama usoni, Namkunda, upawa ungejaa wenyewe. Ungejaa ukamwagika, na watu wote wangeona."

Namkunda alikuwa amesahau kamba ile. Kwa miaka yote alikuwa amesadiki kwamba baba yake hakujua ni lini alipita na lini hakupita, na kwamba kama siku moja asingekuja, foleni ingesogea vilevile. Sasa alihesabu upya siku zote zile, na katika kila siku palikuwa na mtu anayemsubiri kwa kuinamisha kichwa.

"Wasichana wa bweni," akasema taratibu, "walikuwa wananiambia, wewe mtoto wa mpishi, mbona hutuletei ukoko? Nikawa nawadanganya. Nawaambia baba ananiwekea, nakula hukohuko jikoni, siruhusiwi kutoka nao. Nikawa nawasimulia unavyolia mdomoni."

"Uliwaambia hivyo?"

"Mpaka nikawa najisikia nimeshiba."

Mzee akafunika uso kwa viganja, na unga ukamwingia machoni, ikawa vigumu kujua ni kipi kilichomtoa machozi. Namkunda akachukua kitambaa cha meza, akakilowesha, akampangusa, kwanza nyusi, kisha mashavu, kama anavyopanguswa mtoto aliyekula embe.

"Inuka, baba," akasema. "Kuna vibichi vimebaki kwenye ile sahani. Nimeviona."

Wakapanga pamoja. Vipande sita, kila kimoja peke yake, hakuna kilichogusa kingine, na kati yao ulionekana wavu wa kapu. Machoni pa mzee lilikuwa kapu la aibu, kapu la nyumba yenye njaa. Mkono wake ukaokota kipande cha saba ukakipeleka katikati, pale palipoonekana patupu zaidi. Ukaelea hapo. Namkunda alimwona. Mzee akakirudisha kwenye sahani, na kukirudisha kule kulimgharimu kuliko kazi yote ya asubuhi.

Chombo kikavuma. Hawakuwa na la kufanya ila kusubiri, na katika kusubiri wakazungumza. Mzee alimwuliza jinsi watu wanavyogombania mpaka, naye akamweleza juu ya ndugu wawili waliofikishana barazani kwa hatua moja ya ardhi ambayo haioteshi chochote. Dakika ya sita wakageuza. Dakika ya kumi na mbili kengele ikalia, na mzee akavuta kapu taratibu, jicho moja limefumba.

Vilikuwa vya rangi ya dhahabu, vyote sita, mbele na nyuma na ubavuni. Akakitoa kimoja kwa vidole, hakutafuta kijiko wala upawa, akakiweka kwenye sahani, akaisukuma sahani mbele ya binti yake, akabaki amesimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma, kama alivyosimama miaka thelathini na mmoja.

"Kaa, baba."

Akakaa. Namkunda akapuliza, akang'ata. Kipande kikalia, mlio mkavu, wazi, uliosikika chumba kizima, na ndani yake kulikuwa na nyama nyeupe yenye maji yake. Alifumba macho akatafuna. Mzee alimtazama usoni. Aliona kovu dogo kwenye kidevu asilojua limetoka wapi, na mvi mbili juu ya sikio, na jinsi anavyotafuna kwa upande mmoja kama mama yake. Alitazama bila kuogopa mtu yeyote, na hakuna kilichomwagika ambacho hakikupaswa kumwagika.

"Je?" akauliza.

"Nyamaza kwanza, baba. Nasikiliza."

Akala vyote sita, na mzee hakugusa hata kimoja, kwa kuwa hakuwa na njaa. Kisha wakapanga vingine sita, safari hii vya wote wawili. Chombo kile ni cha polepole kwa mtu aliyezoea masufuria. Hutoa kidogo, kisha hudai usubiri tena. Lile donge lililoharibika walimwita Mama Eliwaza aje alichukue, naye akalitazama, akatangaza kwamba kuku huyo alizama majini kabla ya kuchinjwa, akaenda nalo kwake akaligeuza rosti. Duru ya tatu ikaingia. Duru ya nne ilipokuwa ndani, honi ya gari la Same ilisikika barabarani, mara moja, kisha mara ya pili.

Mzee aliisikia. Hakutaka kuuliza jambo ambalo mtu mwenye adabu angelazimika kulijibu vizuri. Akainuka kwenda kufungua mlango, maana siku zote yeye ndiye aliyemfungulia.

"Baba, dakika ya sita hiyo, geuza," akasema Namkunda, na simu tayari ilikuwa sikioni. "Haloo, mama mdogo? Shikamoo. Hapana, nimeshafika salama. Leo usiniwekee chakula, wala usinisubiri, nitakuja kesho. Hapana, gari lipo, linapiga honi hapa nje. Nimebaki nyumbani. Baba ananipikia."

Basi wewe uliyewatumikia wengi bila upendeleo, na mkono wako hauna doa: ni nani nyumbani kwako ambaye hujawahi kumwuliza anapenda kupikiwa nini?